Nyaya za Muziki Usio na Waya

Mume wangu alikuwa bwana shamba, na kama mabwana shamba wote niliowahi kuwajua, alijua kila kitu isipokuwa lini mvua itanyesha. Yeye alikuwa mtu wa kuja, kutoka Kanda ya Ziwa. Mimi ni mwenyeji, binti wa wakulima wa mahindi wa Maposeni, na wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la tatu hapa Songea mjini. Huo ualimu naomba muuweke akilini, maana umo kwenye kesi hii. Ningekuwa muuza vitumbua pengine nisingeaminiwa kiasi kile, na mambo yasingeharibika kiasi kile.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, na ukikipata unakificha kama bangi. Halafu ghafla, ruksa! Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, nyingine zinanukia mpaka unatamani kuzitafuna. Kila mtu akaruhusiwa kununua kila kitu. Pesa ya kununulia tu ndiyo ilisahaulika kupewa ruksa. Wenye akili zao walinunua mabati. Mume wangu akanunua redio.

Na si redio ya kubeba begani. Ilikuwa na spika mbili, kila moja ukubwa wa kifua cha mtoto wa darasa la pili, deki mbili za kaseti, na taa ndogo nyekundu zinazopanda na kushuka sauti inapotoka. Ilikaa juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, na kukifunua kitambaa hicho ilikuwa ibada. Mikono ioshwe, ikaushwe, watu wakae. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika haswa, aliiunganisha na betri ya gari. Gari lenyewe hatukuwa nalo.

Mtaani redio nyingine zilikuwepo, ila ndogo ndogo, na betri zake zilianikwa juani mara nyingi kuliko mahindi. Kwa hiyo nyumba yetu ndiyo ikawa sikio la mtaa. Kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa kumi, redio ya taifa ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na kina mama wanakuja kukaa barazani kwetu kusikiliza kama kuna wao. Simu mtaani hazikuwepo. Barua ilitembea kama mgonjwa. Ukifiwa mbali, redio ndiyo itakayokuambia, au hutaambiwa.

Hakuna aliyekosa siku hata moja kama jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa Myao wa Nakapanya, kule Tunduru, Mwislamu safi, mkaanga maandazi, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Mama yake mzazi alikuwa huko kwao, mzee sana, analelewa na kaka yake. Jirani alikuja na kigoda chake, anakaa mlangoni, shingo upande. Matangazo yakiisha bila Nakapanya kutajwa, anashusha pumzi. "Alhamdulillahi, leo hatumo." Anabeba kigoda, anarudi kwenye karai lake.

Sasa, mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kurekodi. Kipindi cha muziki kikianza yeye anaweka kaseti, anakaa na kidole juu ya kitufe, mtangazaji akifungua mdomo anamkata. Na alikuwa na nadharia yake. Alisema kaseti ina masikio. Mtu akikohoa sebuleni, kikohozi kinaingia kwenye wimbo. Kwa hiyo wakati wa kurekodi tulifukuzwa wote, mlango unafungwa, na sauti ya redio inashushwa mpaka sifuri ili, kwa maneno yake, "isijirekodi mara mbili." Miaka baadaye fundi mmoja alimwambia kwamba ndani ya mtambo ule hakuna kikohozi kinachoingia wala kutoka, hata ukiupigia ngoma. Mume wangu akasema yule si fundi.

Jumamosi moja ya masika akaitwa kwenye kikao cha mbolea, mbolea yenyewe haijafika, na kipindi chake kiko hewani. Akaniachia mimi kitufe.

"Muziki ukiisha, bonyeza."

"Nitajuaje umeisha na sauti umezima?"

"Angalia taa. Zikicheza, muziki. Zikitulia, mtangazaji."

Jamani, mtu mwenye stashahada! Taa zile zilikuwa zinamchezea mtangazaji vilevile, hata akisoma bei ya pamba. Nikakaa pale nakodolea taa kama paka anayeangalia samaki wa kuchorwa, madaftari arobaini ya kusahihisha yananisubiri. Hodi ikapigwa. Ni jirani, na kigoda chake.

Nikafungua mlango kidogo tu. "Shikamoo mama. Leo kuna kurekodi, hakuingiliki. Nenda tu, nitakusikilizia."

"Marahaba. Usinisahau, Mwalimu."

Mvua ikaanza. Nilikuwa nimeanika mahindi nyuma ya nyumba, nikatoka mbio kuyaanua. Kaseti ikaendelea kuzunguka peke yake, taa zinapanda na kushuka, mpaka upande ukaisha ukajikata. Redio ya mtaa mzima ilisema yote iliyokuwa nayo ya kusema, haikusikiwa na mtu.

Kesho yake asubuhi akanikuta njiani natoka kanisani. "Mwalimu, jana kulikuwa na wa kwetu?"

"Hamna, mama."

Basi. Neno lenyewe nililisema hata sikusimama. Ningesema sikusikiliza, ingebidi nieleze habari ya taa na sifuri na masikio ya kaseti, na mimi nilishachoka kumwonea mume wangu aibu. Uongo ulikuwa mfupi zaidi.

Baada ya majuma mawili akapita mfanyabiashara kutoka Tunduru, akampa pole njiani, akidhani anajua. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sitasahau kilio kile. Hata angesikia siku ileile asingewahi kaburi, barabara ya Tunduru masika ilikuwa inameza malori. Lakini angewahi matanga. Angelia na wenzake. Yeye akalia peke yake, sisi majirani tunamshika mikono, na kati ya waliomshika mmoja ni mimi.

Mvua zilipokatika kaka yake akaja, mzee wa kanzu na kofia iliyodarizwa kwa mkono, uso umemshuka. Akaapa kwamba alipanda lori hadi posta ya Tunduru, akapiga simu redioni, tangazo likasomwa Jumamosi. Jirani yangu akainuka. Akapaza sauti juu ya ukuta: "Mwalimu! Hebu njoo mara moja."

Nikaja. Mikono ina unga.

"Jumamosi ile ulinisikilizia?"

"Nilikusikilizia."

"Nakapanya ilitajwa?"

"Haikutajwa."

Yule mzee akanitazama, kwa upole kabisa, akasema: "Mwalimu, wewe ni mwongo."

Lahaula! Jirani yangu akasimama kama amechomwa na mafuta ya karai. Umemzika mama kimya kimya, umenifanya mtoto wa kuokotwa, sasa unamtukana na mwalimu wa watu? Mwalimu asidanganye mtoto wa darasa la tatu aje anidanganye mimi? Toka! Akamtoa. Miaka sita barua za Nakapanya zikawa zinarudi zilikotoka, hazijafunguliwa. Salamu akizitumiwa na watu wa malori anasema huyo hamjui. Na mimi nikawa najiambia: pengine kweli hakutangaza, nani ajuaye? Sikujua. Hilo la kutojua lilinisaidia kulala.

Basi tukaishi hivyo mpaka mume wangu alipokwenda Dar es Salaam kwenye semina. Wenzake walirudi na vitenge na viatu. Yeye akarudi na kidude. Kilikuwa na ukubwa wa boksi la kiberiti, kina waya mfupi kama mkia wa panya. Unauchomeka kwenye wokimani, ile kaseti ya mfukoni ya kusikiliza masikioni. Kidude kinautupa muziki hewani, redio kubwa inaudaka na kuuimba. Muziki bila waya!

Nikamwuliza swali la kijinga. "Kaseti si inaingia humohumo kwenye redio?"

Akanitazama kwa huruma.

"Na kama lazima iwe wokimani, waya wa kuunganisha si ule pale nyuma ya kabati?"

"Waya," akanijibu bwana shamba, "ni ushamba."

Siku ya kwanza muziki ulisikika iwapo tu alikaa kiti cha pembeni, wokimani kaiinua usawa wa sikio, na hakuna mtu anayepita katikati. Mtoto akipita, muziki unakatika, mtoto anatukanwa. Kwa kuwa kiti kile kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye redio, nilimshauri asogee abonyeze kwa mkono. Tukanuniana siku mbili.

Ndipo zikaanza nyaya. Kwanza akafunga waya wa shaba kwenye mkia wa kidude. Kisha akasimamisha mwanzi juu ya banda la kuku, waya ukapanda mwanzi. Kisha kipande cha pili kikatoka kwenye redio, kikapita dirishani, kikazunguka nyumba. Mwisho akagundua kwamba kamba yangu ya kuanikia nguo ni waya mtupu, urefu wa ua mzima, akaiunga nayo. Ee, hapo mambo yakanoga! Muziki ukasikika jikoni, ukasikika chooni, ila nguo mbichi zilikuwa zinaumeza, akapiga marufuku kufua Jumapili. Nyumba ya muziki usio na waya, ukitoka nje lazima uiname usikatwe shingo na waya.

Wakati huo ruksa ilikuwa imeshamfikia kila mtu, redio za Kichina zimejaa mtaani, hata jirani yangu anayo moja juu ya meza ya maandazi. Mume wangu akagundua kwamba muziki wake unafika huko pia. Loo, alivyovimba! Akapita nyumba kwa nyumba, ametinga suti ya semina, anawasogezea watu kishale cha redio zao. "Hapo hapo, msiguse." Hapo kishale kilipokaa, kaseti yake isipopigwa, hapakuwa na kitu isipokuwa mkoromo kama wa maji yanayochemka. Watu wakauliza hii ni redio gani. Yeye akasema ni teknolojia. Wao wakaelewa kwamba mwanzi wa bwana shamba unavuta redio ya Dar es Salaam, wakamshukuru, na yeye hakuwasahihisha.

Jumapili iliyofuata, mchana baada ya misa, alikaa kando ya banda la kuku na sanduku la kaseti zake za zamani, nyingine hazijapigwa tangu zirekodiwe. Mtaa mzima umewasha redio. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nyimbo mbili zikapita, ya tatu ikaisha, halafu ikaja sauti ya mtangazaji, ile ya matangazo, nzito, isiyo na haraka. Ikaja kutoka sebuleni kwetu, na juu ya ukuta kutoka kwa jirani, na ng'ambo ya barabara, na nyumba ya pili, zote kwa pamoja. Bwana fulani wa Nakapanya, Tunduru, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Maziko ni kesho alasiri. Habari zimfikie dada yake aliyeko Songea mjini. Wakamtaja jirani yangu kwa jina lake kamili na jina la marehemu mumewe, wakautaja na mtaa wetu. Mara wimbo ukaingia, wa kucheza, na magitaa yake.

"Nani kaniharibia kaseti?" mume wangu akafoka kutoka bandani. Hilo ndilo alilolisikia.

Mimi mchele ulinimwagika. Miaka sita nilikuwa nayaomba maneno yale yasiwepo, na yalikuwa ndani ya kabati langu, chini ya kitambaa changu, yamenyooka neno kwa neno.

Huko nje watu wa mtaa wetu, Mungu awabariki, wakafanya walivyozoea. Kina mama wakajifunga kanga, huyu na bakuli la unga, yule na kuni tatu, wakamiminika kwa jirani kufiwa naye. Tayari mmoja anapiga yowe mlangoni. Mwingine akamshika mkono, "Ngoja kwanza. Mama yake si alikufa mwaka ule?" "Huyu atakuwa mwingine." "Mtu ana mama wangapi, wewe?" Wakasimama uani na unga wao, wanashindwa walie au warudi.

Jirani yangu hakuwaona. Alikuja kwetu kwa mlango wa nyuma, akainama chini ya waya wa kwanza, akainama chini ya waya wa pili, akasimama mbele yangu pale jikoni. Mikono ina unga wa maandazi.

"Mwalimu. Siku ile ulisikiliza?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningemtaja mume wangu, na ningekuwa na haki, sifuri ilikuwa yake, taa zilikuwa zake. Ningesema mvua. Nikaona nikianza na mvua sitafika.

"Sikusikiliza, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuambia tu."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayehesabu. Nilitamani anipige. Angenipiga lile kofi ningelibusu. Akasema tu, "Nilimfukuza mlangoni. Hakunywa hata maji." Kisha akaomba kaseti.

Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni anasikiliza yote, akakohoa. Akasema kaseti anaweza kuitoa, tatizo upande wa pili una nyimbo ambazo hazipatikani tena, labda kwanza airekodi upya, ingechukua siku mbili tatu... Nikaenda bandani nikaing'oa wokimani yake pamoja na kaseti ndani, mkia wa panya ukabaki unaning'inia kwenye kamba ya nguo, nikampa jirani vyote. Bwana shamba akafungua mdomo. Nikamwangalia. Akaufunga.

Kesho yake jirani akapanda lori la Tunduru. Karai likalala wiki tatu. Mume wangu alizunguka uani na kidude chake kisicho na kitu cha kukitupa hewani, watu wanamwuliza Dar es Salaam imepotelea wapi, yeye anasema ni hali ya hewa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafundisha, nasahihisha, na kila lori likipiga honi roho inaruka. Niliogopa asirudi na niliogopa arudi.

Akarudi, na kaka yake. Niliwaona wanatembea pamoja, mzee kambebea dada yake mkoba, na nikashukuru, kweli nilishukuru, machozi yalinitoka. Halafu nikaona hawaendi kwake. Wanakuja kwangu.

Mzee alikuwa amechakaa sana. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakataa kiti. Akasimama mbele yangu na kofia ameishika mkononi. Kofia ameivua, mtu mzima vile, mbele ya mtoto kama mimi.

"Mwalimu, nimekuja kwa miguu yangu," akasema. "Dada amenieleza. Kumbe siku ile spika zenu zilikuwa bubu. Wewe ulikaa, ulisikiliza mpaka mwisho, chombo ndicho hakikutoa sauti. Hukumdanganya mtu. Na mimi nikakuita mwongo, kwenye nyumba ya dada yangu, mbele ya watu. Jambo hilo limenikaa hapa miaka sita. Niwie radhi, mwanangu."

Nikamtazama jirani yangu. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Baba," nikasema, "si hivyo. Mimi—"

"Mwalimu." Jirani hakupaza sauti. "Mwambie umemsamehe. Ana lori la kurudi saa nane."

Mzee alikuwa anangoja, kofia bado mkononi.

Nikamwambia nimemsamehe.